Akili mnemba imerahisisha kuandika, sasa tumlinde anayesoma

Aprili 2024 baraza la Gentoo, mmoja wa mifumo endeshi ya ukoo wa Linux, lilipiga kura kukataa mchango wowote uliotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba. Mwezi uliofuata NetBSD, mfumo endeshi mwingine, nao wakaandika kwenye miongozo yao kwamba msimbo, yaani maandishi ya programu, uliotungwa na mashine za namna hiyo utahesabiwa kuwa na doa, na hauingizwi bila idhini ya maandishi ya kundi linalosimamia mradi. Mwanzoni mwa 2026 ikawa zamu ya curl, programu ya kuhamisha data iliyojificha ndani ya vifaa vingi tunavyovishika kila siku. Wakafuta utaratibu wao wa kuwalipa wanaoripoti udhaifu wa kiusalama, kwa sababu ripoti hewa zilizoandikwa na mashine zilikuwa zinawamaliza nguvu watu wachache wanaozisoma. Habari hizi zilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa Tabora wanaotengeneza programu, nilizisikia zikifasiriwa kwa namna mbili. Kuna waliosema wazee wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, wameingiwa na woga wa kupitwa na wakati. Na kuna waliosema hayo ni mambo ya miradi mikubwa yenye watu dunia nzima, hayatuhusu sisi watano tunaokaa meza moja pale Isevya na kuchangia bando moja. Nadhani wote wawili wameisoma habari kichwa chini.

Kwa miaka mingi kazi ngumu katika mradi wa programu ilikuwa kuandika. Leo kuandika kumekuwa kama kufungua bomba: unaomba mistari 300, inakuja mistari 300 kabla chai haijapoa. Kilichobaki adimu ni mtu wa kuisoma ile mistari, akaielewa, na akakubali kubeba lawama ikiharibika. Gentoo, NetBSD na curl kila mmoja alikuwa na sababu zake, zikiwemo za hakimiliki, lakini ukizipanga pamoja utaona wote wanamlinda mtu huyohuyo, yaani msomaji. Hoja yangu ni kwamba timu inayojiwekea kanuni za kazi sasa hivi ianzie kwake. Na timu ndogo ya Tabora inazihitaji kanuni hizo kuliko Gentoo, kwa sababu kwetu msomaji ana tatizo la pili ambalo wenzetu hawalitaji mara nyingi: hata akiliona kosa, mdomo wake umefungwa na adabu.

Kanuni nyingi za miradi ya programu huria zina tarehe ya kuzaliwa, na zina jeraha lililozizaa. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa ndani ya Linux. Mwaka uliofuata Linus Torvalds, muasisi wa Linux, na wenzake wakaweka utaratibu uliopo hadi leo: anayeleta badiliko anaongeza mstari wenye jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kulitoa, na kila anayelipokea na kulisogeza mbele anaongeza lake chini yake. Ni kama kitabu cha makabidhiano cha walinzi wa zamu. Ukikuta taa ya geti imevunjika unajua kurasa za kufungua. Mwaka 2005 ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu iliyokuwa ikitunza kumbukumbu za mabadiliko ya Linux, ilipoondolewa, Torvalds akaandika Git, ambayo sasa kila kijana anaitumia, na ambayo inakumbuka nani aligusa mstari upi na lini. Julai 2018 Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya Python, aliachia uamuzi wa mwisho baada ya mabishano makali juu ya alama moja tu ya kuongezwa kwenye lugha, na wachangiaji wakajiandikia utaratibu wa baraza la watu 5 wa kuchaguliwa. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyotungwa na mtu aliyekaa chini kufikiria kanuni nzuri zinafananaje. Na ilipokuja akili mnemba, watu wa Linux waliutazama ule mstari wa jina uliozaliwa 2004 wakaandika kwamba mashine hairuhusiwi kuutia. Inaweza kutajwa kwamba ilisaidia, lakini anayethibitisha ni binadamu.

Linganisha na jinsi sisi tunavyozijua kanuni. Kikundi kinachotaka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lazima kisajiliwe, na usajili unadai katiba. Katiba inapatikana steshenari. Mwenye duka anayo kwenye kompyuta tayari, anafuta jina la kikundi kilichopita, anaweka lenu, anachapa, mnasaini, kazi imekwisha. Nimewahi kushika katiba ya kikundi cha bodaboda yenye kipengele cha utunzaji wa mizinga ya nyuki, na wanachama wote walikuwa wamesaini. Kijana aliyekulia kwenye hali hiyo, ukimwambia timu yake ya programu inahitaji kanuni, anachosikia ni karatasi ya kumridhisha Afisa Maendeleo ya Jamii. Simlaumu. Ndiyo maana timu nyingi nilizoziona hapa mjini, zikiamua kuwa na kanuni, zinanakili waraka mrefu wa maadili kutoka mradi wa Ulaya au Marekani, zinauweka kwenye ghala la msimbo, na hakuna anayeufungua tena. Ule waraka ulikuwa na jeraha lake huko ulikotoka. Hapa umefika bila kovu.

Jeraha la kwetu nililishuhudia. Nilikuwa nawashauri vijana watano waliokuwa wakitengeneza mfumo wa kumbukumbu kwa kikundi kimoja cha warina asali upande wa Sikonge. Kituo chenye mizani, karani anaingiza kilo; kisicho na mizani anaingiza idadi ya ndoo, na mfumo wenyewe unageuza lita kuwa kilo ili malipo yapigwe. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 28. Namba hiyo ilikuwemo kwenye msimbo tangu mwanzo, imeandikwa ovyo lakini ipo. Usiku mmoja mkubwa wa timu akaikabidhi ile sehemu kwa akili mnemba iisafishe. Ikarudi imenyooka: majina yamepangwa vizuri, maelezo ya Kiingereza kisicho na kasoro, na lita 1 imekuwa kilo 1, kama maji. Akaipushi, yaani akaipeleka, moja kwa moja kwenye tawi kuu, ile nakala ya msimbo ambayo mfumo unaitumia. Wenzake wanne walipata taarifa kwenye simu zao. Asubuhi yake mzee mmoja akaleta ndoo 5 kituoni, akasomewa kilo 100. Hakugombana. Alimwomba karani ainyanyue ndoo moja kwanza, halafu ndipo waendelee na mazungumzo. Kilo 40 zilikuwa zimeyeyuka usiku mmoja, na yeye alikuwa wa kwanza tu kwenye foleni.

Kosa la mashine halikunishangaza, na hata aliyelipushi sina ugomvi naye. Nani hajafanya kazi usiku akiwa na usingizi. Kilichonikaa kichwani ni jambo jingine. Binti mdogo kuliko wote katika ile timu ni mzaliwa wa hukohuko Sikonge, amekua akibeba ndoo za asali, na aliliona badiliko usiku uleule. Nilipomuuliza mbona hakusema kitu, akajibu kwa sauti ya chini, “Nilidhani kaka ana sababu yake.” Timu ilikuwa na ujuzi wote uliohitajika. Ulikuwa umekaa ndani ya mtu ambaye hakuwa na njia ya heshima ya kuutoa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa ni kuiga utamaduni wa wenzetu wa kuambiana ukavu. Siiombei adabu ife. Mtu anayemwamkia mwenzake shikamoo asubuhi hatageuka mchana kumwambia msimbo wako ni takataka, na sioni sababu ya kumtaka afanye hivyo. Jamii zetu zililijua tatizo hili zamani na zikalitafutia mlango wa pembeni: mtani anaweza kusimama msibani akamsema marehemu kwa ubahili wake, watu wakacheka huku wanafuta machozi, na hakuna ugomvi, kwa sababu anayesema si yeye, ni nafasi yake. Kanuni ya kukagua msimbo, ikiandikwa vizuri, inafanya kazi ileile. Ikisema hakuna badiliko linaloingia tawi kuu mpaka mwingine aliyepangwa zamu aandike walau swali moja juu yake, yule binti hahitaji ujasiri wa kumpinga kaka. Zamu yake ndiyo inayouliza, na asipouliza ndiyo anakuwa amekosa adabu. Git inayo sehemu kubwa ya vifaa vya kusaidia hili, na majukwaa yanayohifadhi msimbo yanaruhusu tawi kuu kufungwa ili hata mwenye mradi asiweze kupushi bila mkono wa pili. Kuweka hivyo ni dakika tano. Dakika hizo tano ndizo zinazokosekana kwenye timu nyingi, maana mkubwa anaona kama anajifungia mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Miradi ya Apache, taasisi inayolea programu huria nyingi, ina kanuni inayonipendeza zaidi katika hili. Mwenye haki ya kura anaweza kuzuia badiliko la msimbo kwa kura ya -1, hata akiwa peke yake, lakini zuio lisiloambatana na sababu ya kiufundi ni batili. Itazame kwa macho ya Tabora. Mdogo anaweza kumsimamisha mkubwa, maana namba 1.4 ni sababu ya kiufundi na haina umri. Mkubwa naye hawezi kumsimamisha mdogo kwa kukunja uso tu.

Hoja dhidi ya yote haya zipo, na moja ina nguvu kweli. Kwamba kanuni za aina hii zimetungwa na miradi yenye watu wengi, baadhi yao wakilipwa mishahara na kampuni kubwa kwa kazi hiyohiyo. Timu ya watano, wawili wana mitihani, mmoja amesafiri Kaliua kwenye tumbaku ya baba yake, itawezaje kupata msomaji wa kila badiliko? Nakubali kabisa. Ukinakili utaratibu wa Linux kwenye timu ya watu watano, kazi inasimama ndani ya wiki moja, na kusimama nako ni hasara, maana warina asali wanasubiri. Jibu langu ni kupunguza kinachosomwa. Badiliko la rangi ya kitufe lipite. Kinachogusa fedha, uzito, nywila au taarifa za watu kisipite bila macho mawili mengine. Na mistari 300 ya mashine isipelekwe kwa mkaguzi kama mzigo mmoja. Aliyeiomba aigawe, aisome yeye kwanza, na aweze kueleza kwa Kiswahili cha kawaida kila kipande kinafanya nini. Akishindwa kueleza, basi hajaandika kitu, amepokea kifurushi asichojua kilichomo na anataka mwenzake akifungue.

Hoja ya pili ni ya undugu: sisi tunaaminiana, kanuni ni za watu wasiojuana. Ni hoja nzuri kwa masikio. Lakini kisa cha XZ kinaitia doa. Huo ni mradi wa kubana mafaili uliokuwa ukisimamiwa na mtu mmoja, Lasse Collin, ambaye alikwisha kukiri hadharani kwamba nguvu zake kwa kazi hiyo zimepungua. Akajitokeza aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa upole kwa zaidi ya miaka 2, huku majina mengine yakimshinikiza Collin agawe madaraka. Akaaminiwa, akapewa funguo, na mwaka 2024 mlango wa siri ukakutwa ndani ya programu ambayo ilikuwa mbioni kuingia kwenye seva za dunia nzima. Aliyeugundua, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Sidai kwamba yupo Jia Tan anayewinda mfumo wa asali ya Sikonge. Ninachokiona katika kisa hiki ni uchovu: imani iliyokabidhiwa na msomaji mmoja aliyechoka haina tofauti na kutokuwepo msomaji. Na undugu wenyewe, kwa nilivyouona, huvunjika pale ambapo hakuna kanuni ya kulaumu, kwa hiyo analaumiwa mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi: mashine iandike, na mashine nyingine ikague, binadamu wa nini. Ukaguzi wa mashine unasaidia, hasa kwa makosa ya kisarufi ya msimbo na mianya inayojulikana, nautumia mwenyewe. Lakini irudie ile lita moja. Msimbo uliorudi ulikuwa sahihi kwa kila kipimo ambacho mashine ingeweza kukitumia bila kuambiwa kilichomo ndani ya ndoo. Lita kwa kilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa maji. Ili kosa lionekane alihitajika mtu anayejua kwamba ndoo ya asali inavunja kiuno. Maarifa ya aina hiyo yamejaa Tabora na hayajaandikwa popote ambapo mashine ingeyasoma: karani anaandika lini, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inafunga hesabu lini, jina la mkulima likiandikwa kwa namna tatu ni mtu mmoja au watatu. Kumwondoa msomaji wa Tabora ndani ya programu ya Tabora ni kuondoa kitu pekee ambacho mshindani wa Dar es Salaam au Bangalore hana.

Linabaki swali la nani anakata shauri wasomaji wakigongana. Misafara ya Wanyamwezi iliyokuwa ikitoka Unyanyembe, hapahapa Tabora, hadi Bagamoyo ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na aliyemtangulia njiani alitozwa faini. Naye alikuwa mpagazi mwenzao anayeijua njia. Tajiri mwenye pembe za ndovu alifuata nyuma. Timu nyingi za hapa zinampa uamuzi wa mwisho mwenye laptopu nzuri au aliyeleta mteja, na hilo ndilo kosa. Mgawe uamuzi kwa njia: anayeijua asali awe kirangozi wa vipimo, anayejua seva awe kirangozi wa seva, majina yaandikwe. Muda nao uandikwe. Miradi ya Apache huacha kura wazi kwa walau saa 72, ili aliye upande mwingine wa dunia aamke, asome, ajibu. Sisi hatuna tofauti ya saa, tunao umeme unaokatika na bando linaloisha Ijumaa. Siku tatu za kimya kwa mambo yasiyo ya dharura zinatufaa kwa sababu zetu wenyewe, mradi ijulikane mapema kwamba kimya baada ya hapo ni ndiyo.

Mambo ya funguo nitayapitia haraka kwa sababu hayana ubishi. Nywila za seva na jina la tovuti zisikae kwa mtu mmoja, na anayeondoka aondolewe siku hiyohiyo, kwa salamu njema. Tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na orodha ya wakulima yenye namba za simu na za vitambulisho ni taarifa binafsi; kuimwaga nzima kwenye dirisha la akili mnemba ili “ikusaidie kupanga” ni jambo la kuandikiwa katazo leo kabla ya chakula cha mchana.

Athari kubwa zaidi naiona nje ya timu, kwa wanaonunua. Vyama vya ushirika, halmashauri na vikundi vya Tabora vimeanza kuagiza mifumo kwa vijana wao badala ya kusubiri wa mjini, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini wanunuzi hawa bado wanahukumu kwa onyesho: kijana anafungua laptopu, skrini inang'aa, grafu zinapanda, mkutano unapiga makofi. Siku hizi onyesho la namna hiyo linatengenezwa kwa jioni moja na haliwaambii chochote juu ya timu. Mwenyekiti wa kikundi hahitaji kujua msimbo ili aulize maswali yanayofaa. Badiliko la mwisho lililogusa malipo aliliandika nani, na nani mwingine alilisoma? Alipolisoma aliuliza nini? Nionyesheni. Timu yenye utaratibu itafungua ukurasa na kumwonyesha ndani ya dakika moja, jina, tarehe, swali na jibu. Wale watano wa asali leo wanaweza kufanya hivyo. Ukifungua faili lao la kanuni, ambalo halizidi nusu ukurasa, mstari wa kwanza kabisa unasema ndoo ya lita 20 ya asali ni takriban kilo 28, na anayetaka kuibadilisha namba hiyo aende kwanza kituoni akainyanyue. Aliyeuandika ni yule binti, na kaka ndiye aliyeupitisha.